Chupa Niliyompa Aioshe

Mama aliyekuwa akiosha vyombo vya maabara yetu alinizidi umri kwa miaka kumi hivi, na alikuwa na wajukuu, lakini kila asubuhi yeye ndiye aliyenianza: "Shikamoo, daktari." Nami nilimjibu marahaba, bila haya, huku nikivaa koti langu jeupe. Kwanza sikuwa daktari. Nilikuwa mpima damu na mikojo ya watu, basi. Lakini Ifakara miaka ile ya tisini mtu yeyote mwenye koti jeupe na kalamu mfukoni aliitwa daktari, na mimi sikuona sababu ya kumsahihisha mtu. Leo nikiikumbuka ile marahaba yangu, masikio yananiwaka moto.

Kwenye barua ya ajira niliandikwa mtaalamu mwandamizi, kitengo cha kemia. Nilisoma Dar es Salaam, nikapelekwa ng'ambo mwaka mmoja na nusu, nikarudi na vitabu viwili vizito na kichwa kilichovimba. Hospitali nzima mimi peke yangu ndiye niliyeweza kupima sukari iliyomo kwenye damu, na kazi ya figo, na ini. Wenzangu wawili walikuwa watu wa hadubini, hodari kwa malaria na minyoo, na mimi niliwachukulia kama watoto wa shule. Chumba changu kilikuwa na mlango wake na funguo zake, na funguo nilitembea nazo mimi.

Mama yule ndiye pekee aliyeingia bila kubisha. Alikuwa ameosha chupa za pale kwa miaka kumi na tatu, tangu kabla mimi sijafika. Siku hizi vyombo vingi vya maabara hutumika mara moja vikatupwa; sisi hatukuwa tunatupa kitu. Vichupa vitupu vya penisilini, ambavyo tulikusanyia damu, vilitoka wodini vikaja kwake, akavichemsha, akavisugua ndani kwa brashi nyembamba, akavisuuza mara tatu kwa maji ya bomba na mara mbili kwa yale maji safi ambayo mafundi wa magari huyaita maji ya betri. Kisha alikiinua kila kichupa dirishani, akafumba jicho moja, akakitazama. Kimoja kimoja, hata viwe mia. Nilikuwa namtania kwamba anatafuta mchumba humo ndani. Alicheka, halafu akaendelea kutazama.

Sasa nieleze kosa lenyewe, na nitalieleza kwa lugha ya kawaida, maana nimelificha kwenye maneno ya kitaalamu muda mrefu na nimechoka. Mashine yetu haikujua sukari. Ilijua rangi tu. Ukichanganya damu ya mtu na dawa fulani, rangi hutokea, na kadiri sukari inavyokuwa nyingi ndivyo rangi inavyokolea. Ili ujue rangi hiyo ni sukari kiasi gani, lazima uilinganishe na maji ya sukari ambayo kipimo chake unakijua, kwa sababu umeyachanganya mwenyewe kwa mizani. Maji hayo tuliyaita standadi. Ni sawa na debe la mfanyabiashara wa mpunga. Debe likiwa zima, magunia yako yatahesabika sawasawa. Likibonyezwa likapungua, mpunga uleule utahesabika madebe mengi zaidi, na wewe utarudi nyumbani unajiona tajiri.

Standadi huwekwa dawa ya kuzuia ukungu, kwa sababu vijidudu navyo vinapenda sukari. Masika ya mwaka ule dawa hiyo ilituishia. Nilikuwa nimeagiza, lakini barabara ya Mikumi ilikuwa imekatika kwa mvua na mizigo ilikuwa imelala njiani. Mtu mwenye akili angechanganya standadi mpya kila asubuhi na kuimwaga jioni. Nilijua hivyo. Nilifundishwa hivyo na nilishawafundisha wengine hivyo. Lakini sukari safi ya maabara nayo ilikuwa imebaki kidogo kwenye kopo, na mimi nilikuwa mvivu wa kupima kila siku, basi nikachanganya chupa moja kubwa kwa maji matupu, nikaiweka kwenye friji, nikasema itafika mwisho wa masika. Umeme nao masika ile ulikuwa unakuja na kuondoka kama mgeni asiye na adabu. Friji ilishinda ya moto.

Wiki ya pili mama alikuwa akifuta rafu za friji. Alitoa chupa zangu akazipanga mezani, na mazoea ni mazoea, ile ya standadi akainyanyua dirishani, akafumba jicho. Akaniambia, kwa sauti ya chini, kwamba yale maji yana utando. Wenzangu wa hadubini walikuwa mlangoni wakisubiri nisaini fomu zao. Nami nikataka wasikie.

"Mama," nilimwambia, "wewe kazi yako ni chupa tupu. Zenye kitu ndani niachie mimi."

Wakacheka. Yeye aliirudisha chupa kwenye friji, akaifuta kidogo kwa pembe ya kitambaa, akafunga mlango. Nilikuwa na nafasi ya kwenda kuangalia mwenyewe alipotoka. Hatua nne tu. Sikwenda, kwa sababu ningekwenda ningekuwa nimekubali kwamba mwosha chupa ameona kitu ambacho mimi sikukiona.

Basi bwana, kuanzia hapo watu wa bonde la Kilombero wakaanza kuugua kisukari. Kila siku nilipata mmoja, wakati mwingine wawili, watu wembamba, wakulima, wavuvi kutoka Malinyi ambao maisha yao yote wanapiga kasia. Je, nilishtuka? Nilifurahi. Naandika neno hilo kwa aibu lakini ndilo lenyewe. Nilifurahi kwa sababu niliona nimegundua jambo. Nilianza kuandika ripoti, kurasa sita kwa mkono wangu, nikieleza jinsi ulaji wa wali mtupu na soda unavyoleta ugonjwa mpya mashambani. Nilikuwa nimeshafikiria ningeisoma katika mkutano gani, na ningevaa suti ipi.

Siku hizo ndipo mama aliponiomba nimpimie mumewe. Mzee alikuwa ametoka kwenye malaria na alikuwa amechoka choka tu, hana hamu. Alikuja na kofia mkononi, Mndamba mrefu mwenye mikono mikubwa, mkulima wa mpunga na mtegaji wa samaki. Nikampima kwa upendeleo, bila foleni, na nikajiona nimemtendea wema. Majibu yakatoka juu. Nikamwambia mkewe nikiwa nimesimama, nikiandika kitu kingine, kwamba mzee wake ana sukari na kuanzia leo wali ndio basi.

Kumwambia mtu wa Ifakara kwamba wali ndio basi! Mama alinitazama kama niliyemwambia mumewe ahame nchi. Aliniuliza, basi atakula nini. Nikamwambia dona na majani.

Daktari wa wodi, kijana mtulivu aliyekuwa amehamia kwetu mwaka uliotangulia, alimpima mzee mkojo na hakuona sukari hata kidogo. Akanijia akauliza kama tusubiri kwanza. Nikamjibu kwamba mkojo unadanganya, damu haidanganyi. Sikusema kwa upole. Akaniamini, akaandika vidonge vya kushusha sukari, na mama akavipokea kwa mikono miwili, akaenda kumtunza mume wake kama nilivyoagiza.

Na alimtunza kwelikweli. Mpunga ulikuwa umeanza kuzaa na mzee alihamia shambani, ng'ambo ya mto, kwenye dungu, kibanda cha juu ya nguzo, kuamia ndege wasile mpunga. Mama alimfungia unga wa dona na mboga za majani zilizokaushwa, akamfungia na vidonge kwenye kipande cha gazeti, akamwapisha asile wali wa majirani. Mzee alinisimulia baadaye kwamba alikuwa akisikia harufu ya wali kutoka dungu la jirani na machozi yakamlenga. Alimeza kidonge chake kila asubuhi. Chakula kilikuwa kidogo na hamu hakuwa nayo, lakini kidonge hakukiacha, kwa sababu mkewe alikuwa mtu wa hospitali na hakutaka kumwaibisha.

Wiki ya tatu ya kukaa dunguni wakamleta. Jirani yake alikuwa amempakia kwenye baiskeli, amemfunga kwa kanga kwenye mgongo wake mwenyewe ili asidondoke, akamvusha mto, akampeleka wodini asubuhi watu wakiwa bado wanafagia. Jasho lilikuwa linamtoka ilhali mwili ni wa baridi. Maneno yalikuwa yanatoka ovyo kama ya mlevi, halafu yakakoma. Daktari alidhani malaria imepanda kichwani, akaanza kwinini kwenye dripu ya maji ya chumvi. Kwa kawaida kwinini tuliitundika kwenye dripu ya sukari. Huyu hakuwekewa, kwa sababu faili lake lilisema ana kisukari, na jibu hilo kwenye faili lilitoka kwangu.

Daktari akaniletea damu ya mzee. Niliipima, nikaona namba ya mtu mzima mwenye afya, ya chini kidogo tu. Daktari aliuliza kama nina hakika.

"Sukari ndiyo kazi yangu," nikamwambia.

Akarudi wodini kutafuta ugonjwa mwingine. Saa zikapita. Adhuhuri nilikwenda kula. Nilikula wali, kwa kweli, wali na samaki, na nikalalamika kwamba samaki hana chumvi.

Alasiri mama aliingia chumbani kwangu. Hakuwa amevaa gauni la kazi, alikuwa na kanga mbili tu na macho mekundu. Nilifikiri amekuja kuomba ruhusa, nikaanza kumwambia achukue siku anazotaka. Akatikisa kichwa. Akavuta kiti cha wagonjwa, kile ambacho kwa miaka kumi na tatu alikuwa akikifuta tu, akakaa, akaweka mkono mezani.

"Nipime na mimi," alisema. "Jana nimekula wali na juzi nimekula wali, na sina tatizo lolote. Nikitoka sawa, basi na ya mume wangu ni sawa, nitanyamaza."

Nilitaka kukataa. Nilishafungua mdomo kumwambia kwamba vipimo si mchezo. Lakini mkono wake haukuondoka pale mezani, na mume wake alikuwa anakufa hatua themanini kutoka tulipokaa, na hata mimi sikuwa nimeoza kiasi hicho. Nikamtoa damu. Tukasubiri, yeye akitazama mashine, mimi nikitazama saa. Majibu yake yakatoka juu. Kwa namba ile, mama yule mwenye afya ya kubeba ndoo mbili za maji kutoka bombani alikuwa mgonjwa wa sukari kuliko mume wake.

Aliniuliza ni ngapi. Nilichukua sindano nikajitoboa mwenyewe, nikamwaga dawa mezani kwa haraka, nikapima damu yangu. Na mimi nilikuwa mgonjwa. Sote tulikuwa wagonjwa. Bonde zima lilikuwa gonjwa, kutoka Malinyi hadi Masagati, na ugonjwa ulikuwa kwenye friji yangu.

Nikaifungua. Nikaitoa chupa, nikaipeleka dirishani, nikafumba jicho moja. Ndani ya maji kulikuwa na kitu kinaelea, chembamba, cheupe, kama uzi wa pamba uliolowa. Ukungu ulikuwa umekula sukari yangu wiki baada ya wiki, na maji niliyoyaita kipimo yalikuwa yamebakiwa na sukari chini ya nusu. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu.

Nilikimbia. Mtu mzima na koti jeupe, nilikimbia uwanjani mbele ya wagonjwa waliokaa kwenye majani, nikaingia wodini nikamwambia daktari ampe mzee sukari kwenye mshipa, sasa hivi, asiniulize. Hakuniuliza. Alivuta bomba zima la sindano la sukari nzito akaisukuma taratibu. Kabla hajamaliza la pili, mzee alifumbua macho. Alitazama dari, akatutazama sisi, akauliza, "Ndege nani anawaamia?"

Wauguzi walicheka, mmoja akapiga vigelegele. Mama alijiziba mdomo kwa kanga akainama kwenye miguu ya kitanda akalia. Kwa dakika moja niliona raha tupu, raha ya mtu aliyeponea chupuchupu. Laiti ningeishia hapo.

Daktari alinivuta pembeni, kwenye baraza. Mama alitufuata, nadhani alitaka kushukuru, akasimama hatua mbili tatu kutoka kwetu. Daktari aliuliza nini kimetokea. Swali rahisi, la mtu anayetaka kujua tu, wala hakukunja uso. Ningeweza kumwambia standadi imeharibika na mimi ndiye niliyeiharibu, nikaambiwa nikapuuza. Maneno hayo nilikuwa nayo mdomoni. Nikaona ripoti yangu ya kurasa sita, nikaona barua kutoka wizarani, nikaona kibarua changu kimeota nyasi na wenzangu wa hadubini wakisimuliana.

"Ni chupa," nilisema. "Chupa za damu hazikusuuzwa vizuri. Sabuni ndiyo imeharibu vipimo."

Yalitoka laini. Hata mimi nilishangaa yalivyotoka laini.

Daktari akamgeukia. "Mama, ni kweli?"

Alinitazama. Mimi nilishusha macho nikatazama viatu vyangu, na vilikuwa na matope. Nikamsikia akisema, "Inawezekana, daktari."

Tulirudi maabara pamoja, sijui kwa nini, labda kwa mazoea. Ile chupa ilikuwa bado dirishani. Daktari angeweza kuingia wakati wowote akaiona, na mtu yeyote mwenye macho angeelewa. Nikayamwaga yale maji kwenye sinki. Ukungu ulibaki umeng'ang'ania chini ya chupa. Na hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo hadi leo sijui mtu huwa amekuwa nani anapolifanya. Nilimpa yeye ile chupa.

"Ioshe hii," nilimwambia.

Akaipokea. Akaichemsha, akaisugua kwa brashi yake nyembamba, akaisuuza mara tatu kwa maji ya bomba na mara mbili kwa maji ya betri. Safari hii hakuiinua dirishani. Aliiinamisha kwenye rafu ikauke, akakausha mikono, akaenda kumwangalia mumewe.

Baada ya wiki moja akahamishiwa kufulia mashuka. Barua ilihitaji saini ya mkuu wa kitengo, nami nikasaini. Ripoti niliichana. Wale niliowapa ugonjwa nikawatafuta kwenye daftari mmoja mmoja nikawatumia ujumbe waje wapimwe upya, nikawaambia mashine ilikuwa na hitilafu. Kwa daktari chupa, kwa wagonjwa mashine. Kila mtu na uongo wake. Wengi walikuja, wakapona papo hapo, wengine wakanishukuru. Mzee mmoja wa Masagati hakuja. Niliulizia kwa kila aliyetoka huko, na hakuna aliyemjua.

Mavuno yakapita. Kila asubuhi nilipita karibu na kufulia, na mama alikuwa akinyoosha mgongo, povu hadi viwikoni, akaniamkia vilevile: shikamoo, daktari. Nikaanza kuzunguka kwa nyuma, kupitia jikoni. Mwishowe Jumapili moja nikaamua nitakwenda kwake, Mlabani, nimweleze mume wake ukweli mbele yake, halafu na kwa daktari nitafika. Nilijitahidi kuamini kwamba nimeamua. Nikanunua sukari kilo mbili, maana ndiyo zawadi ya kwenda nayo kwa watu, na nilikuwa nimeshafika nusu ya njia nilipotambua nimebeba nini. Nikaendelea nayo tu.

Mama alikuwa uani, akipepeta mchele. Nikamwambia, "Shikamoo, mama." Ungo ulisimama hewani. Kisha akaitikia.

Mzee alifurahi kuniona hadi nikatamani ardhi ipasuke. Alikuwa amerudisha mwili, ila maneno yalimtoka taratibu kuliko zamani, kila neno kama analivua kwenye maji. Alinishika mkono hakuuachia. Majirani waliokuwapo aliwaambia huyu ndiye, huyu ndiye aliyegundua, bila huyu mngekuwa mmeshanisahau. Nikasema ni kazi tu, mzee. Mama alikuwa anapita na sufuria na alisikia.

Wali uliivishwa, mweupe, wenye harufu ya mavuno, na kipande kikubwa cha kitoga, samaki wa mto wetu. Kabla ya kula mama alileta maji ya kunywa, glasi juu ya sahani, safi inang'aa. Akapiga goti kidogo akaniwekea mbele. Mzee akanyoosha mkono wake mkubwa akaichukua ile glasi. Akayamwaga maji uani, akachukua jagi, akaisuuza yeye mwenyewe, mara moja, mara mbili, akazungusha kidole ndani, kisha akanijazia upya.

"Utusamehe," alisema akicheka. "Huyu mke wangu kuosha hajui. Nusura aniue."

Majirani wakacheka. Ulikuwa utani wa nyumbani, ulishazoeleka, ulionekana umesemwa mara nyingi. Mmoja wao akaongeza kwamba hata kwenye shughuli siku hizi wanawake wenzake hawampi vyombo, wanampa kumenya viazi. Wakacheka tena. Na mama, akiwa bado ameinama na sahani tupu mkononi, alicheka nao, kicheko kidogo cha mtu anayejua mahali pa kuchekea.

Hapo ndipo palipokuwa mahali pangu pa kusema ukweli. Hakuna mahali pengine nitakapopewa pa wazi kuliko pale. Watu wote wamekaa, mzee ananitazama kwa mapenzi, glasi iko mbele yangu. Nikaichukua. Nikanywa maji yote. Kisha nikala wali wao, nikausifia.

Mama alinisindikiza hadi barabarani, kama ilivyo desturi. Tulipofika kwenye mchongoma wa mwisho alisimama, akajifunga kanga upya.

"Siku ile nilinyamaza kwa sababu alikuwa bado kitandani," alisema, "na wa kumpima ni wewe peke yako. Leo nilidhani umekuja kumwambia."

Nikamwambia nitakuja siku nyingine. Akasema haya.

Sikwenda. Kila Jumapili ilikuwa na sababu yake. Mwaka uliofuata nilipandishwa cheo nikahamia Morogoro, nikapewa chumba kikubwa zaidi na mashine inayojipima yenyewe, na nikawa nafundisha vijana kwamba standadi ichanganywe kila siku. Niliwaambia nilishaona mtu mmoja akifanya uzembe huo huko bondeni. Mtu mmoja, ndivyo nilivyosema.

Mwaka wa tatu nikapata habari kwamba mzee amefariki, homa ya mapafu, siku nne tu. Nilipanda basi nikaenda. Nilifika wametoka makaburini. Nyuma ya nyumba wanawake walikuwa wanaosha masufuria wakiongea kwa sauti za chini, na yeye alikuwa ndani, amekaa mkekani, ukuta mgongoni, kanga imemfunika hadi kwenye nyusi. Nilipiga magoti mbele yake. Nikampa pole. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima kumwomba msamaha, lakini kulikuwa na watu, na midomo yangu ikatoa pole tu, pole sana mama, Mungu amempenda zaidi, na upuuzi mwingine wa namna hiyo.

Alinishika mkono. Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa kwa sabuni ya kufulia. Alinisogeza karibu ili wengine wasisikie.

"Ameondoka anajua ni mimi nusura nimuue, daktari," alisema.

Kisha akauachia mkono wangu, kwa sababu nyuma yangu kulikuwa na wengine wanaosubiri kumpa pole. Nikatoka, nikawapita wale wanawake na masufuria yao, nikapanda basi la mchana kurudi Morogoro.